Viapo Viwili vya Macharia

Swali la 14 lilinishinda mara mbili. Nilikuwa Kerio kwa nyanya, chini ya mkoma, network inakuja na kuondoka, nikipambana na maswali ya LSAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Siku hizi naandikia watu makala, nalipwa kwa M-Pesa, na bado najiambia nitakuwa wakili.

Swali lilikuwa: hoja hii inategemea dhana gani ambayo haijasemwa? Mbinu ni hii: chukua jibu, ligeuze liwe kinyume. Hoja ikianguka, dhana ndiyo hiyo. Ikibaki imesimama, songa.

Sikushika mpaka nilipoijaribu kwa kesi ambayo wafungwa wake waliletwa huku kwetu. Tarehe 8 Aprili 1953, pale Kapenguria, hakimu Ransley Thacker aliwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano miaka saba ya kazi ngumu kwa kuongoza Mau Mau. Shahidi mmoja, Rawson Macharia, alikuwa ameapa kwamba alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Mashahidi wa utetezi walikana. Hakimu akamwamini Macharia. Kenyatta akafungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana.

Mwaka 1958 Macharia akaapa tena: nilidanganya, niliahidiwa masomo Uingereza. Na kweli alikuwa amepelekwa kusoma huko. Serikali ikamshtaki, lakini si kwa ushahidi wa Kapenguria. Ilimshtaki kwa kiapo cha 1958, na akafungwa.

Mahakama ilisikiliza mengi, lakini tuchukue mifupa tu: kiapo cha pili kinapinga cha kwanza, kwa hivyo cha pili ni uongo. Dhana iliyofichwa? Kwamba cha kwanza kilikuwa kweli. Igeuze. Hoja yote chini.

Hapo ndipo nami niliteleza. Nikarukia: basi Kenyatta hakulisha mtu kiapo. Wapi! Viapo viwili vinavyopingana vinasema tu kwamba angalau kimoja si kweli. Havisemi kipi. Kinachovunjika ni uhakika, na bila uhakika mtu hastahili kufungwa. "Haikuthibitishwa" si sawa na "haikutokea", na majibu ya mtego hujificha katikati ya hayo mawili.

Kifungo kiliisha Aprili 1959. Kenyatta hakuachiliwa, alihamishiwa Lodwar, akazuiliwa huko hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Nikaona dhana nyingine ambayo haikusemwa: kwamba Turkana ni mahali pa kutupa watu. Nikamtazama nyanya, anasuka kikapu, ardhi aliyozaliwa iko chini ya miguu yake.

Nikarudi kwa swali la 14. Mara zote mbili nilichagua B, iliyodai zaidi ya ilichohitaji hoja. Jibu lilikuwa D, fupi, la kawaida kabisa. Nikaligeuza. Hoja ikaanguka.