Karatasi za nyumba, toka 1885 mpaka leo



Wengi wametuuliza: juu ya nini chama kinatoa franga kwa kupima parseli na kutengeneza mafaili, na huku kuna watu wangali wanalala chini ya shitingi? Ulizo ni la haki. Kwa kulijibu inatupasa kurudi nyuma, maana jambo hili halikuanza na sisi.

Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mtu ni ya Leta. Basi, nani aliulizwa kama msitu wa Wambole hauna mtu? Shamba lililoachwa ili udongo upumzike, mahali pa kuvulia samaki kwenye Lomami, kijiji cha zamani chenye makaburi ya wazee: machoni pa Leta vyote vilikuwa pori tu. Tangu siku ile, kuwa na ardhi na kuwa na karatasi ya ardhi vikawa vitu viwili mbalimbali.

Mjini Stanleyville, ambao tangu 1966 tunauita Kisangani, mambo yalienda kwa njia ingine. Mtu mweusi katika site alipewa kitabu kidogo, livre ya lojeri. Hakikumpa ardhi, kilimpa tu ruhusa ya kukaa. Lakini wazee waliokitunza ndani ya sanduku walikuwa na akili! Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta, haiuzwe kamwe. Lakini kifungu chake cha 390 kilimpa Mkongomani mwenye kitabu kile, katika mtaa uliopimwa, haki ya kudumu juu ya parseli yake. Kwa ardhi ya vijiji sheria ileile iliahidi amri ya Rais wa Jamhuri. Makumi ya miaka yakapita, amri haikutoka. Ndiyo maana Opala tunaishi mpaka leo kwa neno la shefu na ushuhuda wa jirani.

Neno la shefu ni zito, hatulidharau. Lakini vita ikipita, shefu amekimbia na jirani amekufa, neno linabaki kwa nani?

Kisangani ilijifunza hiyo kwa machozi. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana ndani ya mji wetu siku sita. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, na manyumba zaidi ya 4,000 yaliyobomoka au kuharibika. Kesi ya Kongo na Uganda ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, na tarehe 9 Februari 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Katika hizo, kwa mali iliyoharibiwa katika nchi yetu, ni milioni 40. Mahakama iliona vithibitisho havitoshi kwa kuhesabu hasara moja-moja, ikatoa kiasi cha jumla. Hapo ndipo karatasi ya nyumba inaonyesha bei yake. Mtu alikuwa na nyumba ya matofali, kila mtu kwenye barabara anajua, lakini kujua kwa watu wa barabara hakuingie ndani ya faili.

Tena tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulianza Lubunga, manyumba yakaungua, watu wakakimbia kwa maelfu. Wengi wenu mmetoka humo. Kurudi na kujenga bila mipaka iliyoandikwa ni kupanda ugomvi mwingine pale pale.

Sasa, sheria inaomba nini? Mjini, ruhusa ya kujenga inatangulia jiwe la kwanza. Iko chini ya arete ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013. Kwa kuipata unaonyesha plani na haki yako juu ya parseli. Haki hiyo mara nyingi inaanza na kontra ya kupanga na Leta, isiyopita miaka 3, na katika muda huo unapaswa kujenga. Kisha wanakuja kuona kama umejenga, ndipo unapata sertifika. Miaka 2 ikiisha baada ya kuipata, hakuna mtu wa kuinyang'anya parseli hiyo mbele ya tribinali kwa urahisi. Karatasi ya kununua iliyotiwa sahihi na shefu wa kartye peke yake si sertifika, hata ikiwa na mihuri mitano. (Mihuri tunaipenda sana, sisi Wakongomani.)

Kule Opala, mahali ambapo kadastre ni mbali na barabara mnaijua, tunafanya kilicho mkononi: mchoro wa parseli, vipimo kwa kamba, miti iliyopandwa kwenye pembe, sahihi za majirani wa pande zote, za shefu na za wazee wa ukoo. Jina la mama linaandikwa pamoja na la baba. Hapo hatutaki mabishano, maana tumeona wajane wengi wakifukuzwa.

Kila faili ina kopi tatu: moja kwa familia, moja kwa shefu, moja Kisangani ndani ya sanduku la chuma la chama, pamoja na risiti za matofali, mabati na mafundi. Mfadhili akitaka kuziona, aombe kwa komite. Mwanachama aliye na kitabu cha lojeri cha babu yake, hata kama kimeliwa na mende, akilete kabla ya kuanza kuchimba msingi.