Fikira ya Darwin Ilizaliwa Wapi?

Wasikilizaji wetu, apitaye Mdandu wakati wa mavuno huona mkulima akitenga masuke mazuri ya ulezi yawe mbegu, na yaliyo dhaifu yakaliwa kwanza. Kazi hiyo ndiyo mlango wa habari yetu.

Charles Darwin alizaliwa Uingereza mwaka 1809. Wengi hudhani aliikuta fikira yake visiwani, alipozunguka dunia katika merikebu Beagle tangu 1831 hata 1836. Sisi twaona visiwa vilimpa maswali. Majibu aliyapata kwao. Aliwaendea wafugaji wa njiwa, akajifunza jinsi wachaguavyo dume na jike hata wakapata njiwa wa namna mpya. Tena mwaka 1838 alisoma kitabu cha kasisi Malthus, kilichotoka 1798, kisemacho kwamba watu huzaliana kupita chakula kiwezavyo kuongezeka. Uingereza ile ilikuwa nchi ya viwanda: maskini walisongana mijini, na mwenye kiwanda alimshinda jirani yake au alifilisika. Darwin akaona mashindano yayo hayo kwa wanyama na mimea; kifaacho mahali pake huishi na kuzaa. Alfred Russel Wallace, naye Mwingereza, naye msomaji wa Malthus, alipata fikira hiyo hiyo mwaka 1858 akiwa na homa katika visiwa vya Maluku. Watu wawili, nchi moja, kitabu kimoja: hatuwezi kuiita bahati tu.

Wala hayo hayaifanyi fikira kuwa ya uongo. Mbegu haiulizwi imetoka ghala gani, huulizwa kama yaota.

Lakini nchi ya mtu yaweza pia kumpofusha. Mwaka 1871 Darwin aliandika kwamba yamkini wazee wa kwanza wa wanadamu walikaa Afrika, maana sokwe na gorila wako huku. Wengi wa Ulaya hawakupendezwa. Mwaka 1912 lilipotangazwa fuvu la Piltdown, Waingereza walifurahi kwamba mtu wa kale alikuwa mwenzao. Hata mwaka 1953 ikajulikana kuwa ni hila, fuvu la mtu limeunganishwa na taya la orangutani. Miaka 41 ya kudanganyika! Mwaka 1959 Bibi Mary Leakey akaliona Olduvai fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka yapata 1,750,000.

Nanyi mtokapo Makambako kwenda Iringa, kabla ya kuufikia mji mtapita Isimila. Humo korongoni, tangu 1951, wataalamu wameyachunguza mashoka ya mawe ya watu wa kale, nayo mengine yangali yamelala juu ya ardhi.