Vidonda vya kitandani: nani alaumiwe?

Haya ndugu wasomaji, leo naomba tuziache siasa kidogo tuongee habari ya kidonda. Nasema kile kinachomtoka mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kuweza kujigeuza. Wengi wetu tumekiona kwa ndugu waliopooza: juu ya makalio, kwenye nyonga, kwenye visigino. Na mara nyingi nimewasikia watu wakisema, "Ndiyo ugonjwa wenyewe huo, tufanyeje?"

Hiyo "tufanyeje" ina historia yake, na imeua watu wengi.

Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari, lakini jambo lenyewe si gumu kulielewa. Mfupa unaibana nyama kwenye godoro, mishipa midogo ya damu inazibwa, nyama inakosa damu na kufa. Mtu mwenye afya hujigeuza hata usingizini. Aliyevunjika uti wa mgongo hasikii maumivu wala hawezi kujigeuza.

Sasa twende Ufaransa, miaka ya 1870. Pale Paris, katika hospitali ya Salpêtrière, alikuwepo bingwa wa magonjwa ya neva aliyeitwa Jean-Martin Charcot. Huyu alifundisha kwamba vidonda hivi vinaletwa na neva zilizoharibika, na kwamba kidonda kikitokea ni ishara ya kifo. Alikuwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa akisema, nani abishe? Kama kidonda ni cha neva, kumgeuza mgonjwa kunasaidia nini?

Ajabu ni kwamba jibu lilikuwa limeshapatikana. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, hapa hapa kwenye Bahari yetu ya Hindi, alifanya majaribio miaka ya 1850 kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura. Aliwakata uti wa mgongo, kisha akahakikisha hawalalii upande mmoja na hawalowi mkojo. Vidonda havikutokea! Naye Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliandika kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kitandani, kwa kawaida lawama ni ya uuguzi, si ya ugonjwa. Lakini kwa waliopooza, hali ya kukata tamaa iliendelea.

Mwaka 1917, kijana Myahudi wa Kijerumani, Ludwig Guttmann, alikuwa akijitolea hospitalini. Akaletwa mchimba makaa ya mawe, mtu mwenye nguvu zake, amevunjika mgongo. Guttmann akaambiwa asijisumbue, huyo atakufa baada ya wiki chache. Kweli, wiki ya tano akafa. Guttmann hakumsahau.

Akawa daktari, akawakimbia Wanazi, akafika Uingereza mwaka 1939. Februari 1944 akapewa kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo pale Stoke Mandeville. Amri yake ilikuwa moja: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na ngozi yake ikaguliwe. Yeye mwenyewe alikuwa akipita wodini usiku kuhakikisha. Penisilini nayo ilisaidia. Watu waliohesabiwa wafu wakaanza kuishi. Julai 29, 1948, 16 kati yao walishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hiyo ndiyo mbegu ya michezo ya Paralimpiki.

Je, nani alaumiwe? Nightingale alisema uuguzi, na wengi wetu tukisikia hivyo tunamgeukia nesi. Hapo naomba tufanye hesabu. Chukua wodi yenye wagonjwa 20 wasioweza kujigeuza. Kila saa mbili kila mmoja, kwa zamu ya saa 12, ni mara 120. Ukitumia dakika tano kwa kila mara, ni saa 10 za kugeuza tu. Bado dawa, bado mashuka, bado anayezidiwa. Nesi mmoja ataweza? Guttmann hakutoa amri tu, alikuwa na timu ya watu wa kunyanyua.

Ni kweli, wapo mahututi ambao kidonda huwatoka hata wakitunzwa vizuri. Na siku hizi muda wa kugeuza hupangwa kulingana na hali ya mgonjwa na aina ya godoro. Lakini vingi vinazuilika, na dawa yake ya kwanza ni mikono.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa wako wodini, usikae na chupa ya uji tu. Mwombe nesi akuonyeshe namna ya kumgeuza. Na wale wanaopanga bajeti za afya, wanapohesabu vitanda, wahesabu pia mikono ya kuwageuza wanaovilalia.

Mwasemaje?