Picha na Sauti katika Filamu za Habari za Vita

Mtu atazamaye filamu za habari za zamani, zile zilizoonyeshwa katika majumba ya senema kabla ya mchezo wenyewe kuanza, hudhani kuwa anachokiona na anachokisikia ni kitu kimoja. Dhana hiyo yafaa isahihishwe. Picha ni hati moja na sauti ni hati nyingine. Zilitengenezwa na watu mbalimbali, mahali mbalimbali, na aghalabu kwa makusudi mbalimbali. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, katika Vita Vikuu vya Pili.

Swali la ukweli wa picha zenyewe ni la zamani zaidi, nalo limekwisha kuchunguzwa sana. Mwaka 1916 Geoffrey Malins na John McDowell walipiga filamu ndefu ya mapigano ya Somme, ambayo yasemekana iliuza tikiti milioni 20 hivi nchini Uingereza katika wiki sita za kwanza. Wanahistoria wengi wamekubali kwamba ile sehemu mashuhuri, ambamo askari wanapanda kutoka handakini na mmoja wao anaporomoka kama maiti, ilichezwa mbali na mapigano. Lakini majeruhi wanaobebwa na mateka wanaopita ni wa kweli. Kwa hiyo kila kipande chahitaji kupimwa peke yake, wala kosa la kimoja halivitangui vyote.

Sauti imechunguzwa kidogo zaidi. Katika vita vya 1939 hadi 1945 wapiga picha wa jeshi walichukua kamera zisizonasa sauti. Ukanda ulisafirishwa, ukakaguliwa, ukakatwakatwa, ndipo msemaji ambaye hakupata kufika vitani akausomea maelezo yake chumbani, na muziki na milio ya mizinga ikatiwa juu yake. Sauti ya waliopigwa picha haikuwamo tangu mwanzo.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, huko Burma, katika mvua nzito za mwaka 1944. Mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin penye Kalewa, ambako wahandisi walijenga daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154. Askari wake walitoka nchi nyingi na makabila mengi, na Kiswahili cha jeshini, ambacho wajuzi wa sarufi walikidharau mno kuliko kilivyostahili, kilikuwa miongoni mwa lugha walizoelewana kwazo. Wakati nilipokuwa masomoni Uingereza nilizitazama kanda za askari hao siku nyingi. Katika mojawapo askari anafua shati kando ya mto. Anageuka, anasema maneno mawili matatu, na wenziwe wanacheka. Niliurudisha ukanda huo mara nyingi kuliko nipendavyo kukiri. Midomo yakutana mwanzoni mwa neno, basi herufi ni b, au m, au p. Na elimu ya matamshi yatufundisha kwamba jicho peke yake haliwezi kuchagua miongoni mwa hizo tatu.

Mwaka 2018 Peter Jackson alitoa filamu juu ya askari wa Kiingereza wa vita vya 1914 hadi 1918. Aliwatumia wasomaji wa midomo, kisha akawatafuta wachezaji wenye lafudhi za majimbo ya askari hao. Kazi hiyo ni ya ustadi, nami naisifu kwa tahadhari, kwani sauti hizo nazo zimetiwa baadaye. Kwa Kiswahili cha Keya tungehitaji kwanza kujua kilivyotamkwa, na waliokitamka wamebaki wachache mno.

Tena kuna sauti ya tatu. Idara ya filamu za makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilipeleka filamu vijijini kwa magari ya senema, nazo nyingi zilikuwa bubu. Kando ya kitambaa alisimama mfasiri akiwaeleza watazamaji, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, ni nini wanachokiona. Huyo aliweza kupunguza, kuongeza, hata kufanya mzaha. Kwa wazazi waliotafuta nyuso za wana wao, maneno yake ndiyo yaliyokuwa habari ya vita. Na maneno hayo hayamo katika ukanda.

Wala si kila kitu kilipata picha. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Karibu watu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Atakayeiandika historia ya askari hao kwa filamu peke yake atawaacha hawa chini ya bahari.

Magari ya senema yaliendelea kuzunguka katika miaka ya 1950, na wako wazee waliosimama mbele ya kitambaa kile wakiwa watoto. Hao ndio wa kuulizwa sasa: mfasiri alikuwa nani, alitumia maneno gani kwa bunduki, daraja na adui, na watu walicheka wapi. Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, bila kusahihishwa sarufi.