Kutoka Jiko la Mama Mkwe: Tarehe ya Mapishi ya Kisumu na Ufuo wa Ziwa

Mapishi ya Wajaluo wa Kisumu na vijiji vya ufuo wa Ziwa Viktoria hayakurithiwa kwa mama mzazi peke yake. Msichana aliyezaliwa Asembo akaolewa Uyoma au Seme aliondoka kwao na mkono wake, lakini ladha ya nyumba aliyoingia alifundishwa na mama mkwe. Mila hairuhusu mtu kuoa ndani ya ukoo wake, na mke ndiye anayehamia kwa mume. Bibi harusi alianza kwa kupika kwenye mafiga ya mama mkwe, kwa vyungu vya mama mkwe na mbele ya macho yake, na baada ya muda ndipo alipopewa jiko lake. Ndiyo maana upikaji fulani wa nyama au mboga hujulikana kuwa wa boma fulani, ingawa karibu kila mwanamke aliyeuendeleza alizaliwa kwingine.

Vyungu vyenyewe vilifuata njia hiyo hiyo. Ingrid Herbich na Michael Dietler, waliowachunguza wafinyanzi wa Kijaluo katika miaka ya 1980, walikuta kwamba wengi wao walijifunza kazi hiyo baada ya kuolewa, chini ya mama mkwe au wake wenza wakubwa. Umbo la chungu likawa la mtaa, si la familia aliyotoka mfinyanzi. Si ajabu kwamba kilichopikwa ndani yake kikawa vivyo hivyo.

Kabla ya ndoa kulikuwa na shule nyingine. Wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bikizee, ambaye mara nyingi aliitwa pim na ambaye huenda hakuwa wa damu ya boma hilo. Huko walisikia hadithi na vitendawili, wakafundishwa adabu na mambo ya ndoa. Mchana walisaga mtama na wimbi kwenye jiwe la kusagia, wakachuma mboga na kukusanya kuni. Hakuna aliyewatajia vipimo. Kiasi cha magadi kilijulikana kwa ncha za vidole, na unga ulitosha pale mwiko ulipoanza kuwa mzito.

Katika mapishi yote ya ufuo huu, lililohitaji uvumilivu kuliko mengine ni la mboga chungu. Mnavu, yaani osuga, na mgagani, yaani akeyo, huchambuliwa jani kwa jani, huoshwa na kuchemshwa, kisha maji yenye uchungu humwagwa. Hapo hutiwa maziwa. Mboga hiyo haikuliwa siku hiyo. Ilipashwa moto jioni, ikapashwa tena asubuhi, na kila mara ikaongezwa maziwa kidogo, kwa siku mbili au tatu, hadi uchungu ukalainika na mchuzi ukawa mzito. Mpishi aliijua imeiva kwa harufu. Aliyeharakisha alipata mboga kali; aliyesahau kuipasha ikamchachukia. Mlenda, au apoth, ulikuwa na njia yake: uliwekwa magadi ili uteleze, kisha ukachanganywa na kunde au mitoo, utelezi wake ukituliza ukali wa majani mengine.

Nyama na samaki vilitunzwa kwa jua. Aliya ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu na kuanikwa siku kadhaa mpaka ikakauka kabisa. Siku ya kupikwa huoshwa, huchemshwa taratibu hadi ilainike, na mwishoni huungwa kwa samli au malai. Kwa wenye kuijua, samli ndiyo inayotofautisha nyumba na nyumba. Obambla ni ngege aliyepasuliwa, akatolewa matumbo na kuanikwa. Hupikwa kwa maji, chumvi kidogo na maziwa, huliwa na kuon, ugali mwekundu wa mtama uliochanganywa na unga wa muhogo. Nyanya na kitunguu havikuwamo katika mapishi haya ya zamani.

Viliingia kwa njia ya mji. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya kujulikana kwa jina la Kisumu. Nyuma yake walikuja wenye maduka wa Kihindi, na pamoja nao bizari, vitunguu na mafuta ya kukaangia. Waislamu wa mtaa wa Kaloleni walikuwa na pilau na chapati zao. Sufuria ilianza kuchukua nafasi ya chungu, na mahindi, yaliyohimizwa na serikali ya kikoloni, yakausukuma mtama pembeni. Samaki wa kukaangwa na kisha kuungwa kwa nyanya, ambaye mgeni leo hudhani ndiye wa asili, ni mtoto wa mji huo.

Ziwa nalo lilibadilika, na badiliko hilo lilifika hadi ndani ya chungu. Mwaka 1905 ziliingizwa nyavu za kitani, zilizovua ngege kwa wingi kuliko mitego ya kale. Mtafiti Michael Graham alipofanya kazi yake ziwani mwaka 1927 na 1928, ngege walikuwa tayari wamepungua katika Ghuba ya Winam. Katika miaka ya 1950 mbuta, yaani sangara, samaki mkubwa mla samaki wenzake, alitiwa ziwani upande wa Uganda, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 alikuwa ametawala maji ya Kenya. Fulu, samaki wadogo wa mamia ya aina ambao wanawake waliwakausha na kuwatia katika kitoweo cha kila siku, walitoweka kwa kasi ya kusikitisha. Pamoja nao liliondoka pishi zima ambalo vijana wa leo hawajalionja.

Mpishi hakuacha kupika, alihamisha ujuzi. Mbuta ana mafuta mengi na hakauki vizuri juani, kwa hiyo alibanikwa kwa moshi au kukaangwa. Omena, yaani dagaa, anayevuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, alichukua nafasi ya fulu. Huchambuliwa mchanga, huoshwa kwa maji ya moto mara mbili tatu, huungwa kwa kitunguu na nyanya, na katika nyumba nyingi humalizwa kwa maziwa, kama bibi alivyomalizia obambla. Tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wake unapofungwa, wenye akiba iliyokauka ndio wanaoendelea kumla.

Viwanda vya minofu vilivyofunguliwa Kisumu viliipeleka Ulaya nyama ya mbuta na kuacha mifupa na vichwa. Wanawake wa mtaa wa Obunga waliinunua mifupa hiyo, wakaikausha na kuikaanga katika karai kubwa, wakaiuza kwa jina la mgongo wazi. Ni pishi lililozaliwa na uhaba, na waliolibuni wanastahili kutajwa katika tarehe hii sawa na wenye samli.

Kuandikwa kwa ujuzi huu kumeanza juzi tu. Mary Abukutsa-Onyango, aliyekulia magharibi ya Kenya, utotoni hakuweza kula nyama, samaki wala maziwa, akalelewa kwa mboga za mama yake na bibi zake. Baadaye, akiwa mhadhiri Maseno na kisha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, alizifanyia utafiti mboga hizo wakati wataalamu wengi walikuwa wakiziita magugu. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa walitoa kitabu cha mimea ya chakula cha asili, na mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula hivyo miongoni mwa mifano bora ya uhifadhi.

Soko la Kibuye, mjini Kisumu, sasa huuza akeyo na osuga zilizokwisha kuchambuliwa, na mboga ya siku tatu mara nyingi hupikwa kwa saa moja. Aliya na obambla huwafikia watoto walio Nairobi kwa basi, na namna ya kuvipika huelezwa kwa simu, mama mkwe akiuliza kila baada ya hatua kama maji yameanza kubadilika rangi.