Vichujio vya rangi katika filamu nyeusi na nyeupe

Kichujio cha rangi ni kioo au karatasi ya jelatini iliyotiwa rangi, inayowekwa mbele ya lenzi ili kubadili jinsi rangi zinavyogeuka kuwa vivuli vya kijivu. Hupitisha mwanga wa rangi yake na kuzuia ule wa rangi pinzani. Wapiga sinema wa ridhaa wamevitumia tangu miaka ya mwanzo ya filamu ya milimita 16, iliyotolewa na Kodak mwaka 1923.

Anga ndiyo sababu kuu ya kuvitumia. Filamu huhisi mno mwanga wa buluu, kwa hiyo bila kichujio mawingu hupotea katika weupe. Kichujio cha njano (namba 8 katika mfumo wa Wratten) huyarudisha kwa kiasi. Cha chungwa hukoleza anga zaidi. Chekundu (Wratten 25) hufanya anga ya buluu ikaribie weusi, na filamu ikipunguziwa mwanga, mchana huonekana kama usiku wa mbalamwezi. Anga iliyotanda mawingu haibadiliki. Nyusoni chekundu hakifai: midomo hufifia na ngozi hukosa uhai. Cha kijani ni afadhali.

Kila kichujio hula mwanga. Chekundu huhitaji mwanga mara 8, yaani kufungua lenzi kutoka f/16 hadi f/5.6, cha njano mara 2 tu. Kamera nyingi za Super 8, zilizoanza mwaka 1965, zina kichujio cha chungwa ndani kwa ajili ya filamu za rangi. Anayepiga nyeusi na nyeupe hukiondoa, isipokuwa anautaka ukolezi wake wa anga.