Dawa za mitishamba kwa chunusi: Zipi hufaa na zipi hudhuru?

CHUNUSI huwakumba vijana wengi wanapobalehe, wakati homoni zinapozidisha mafuta ya ngozi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa huziba vinyweleo, bakteria huzaliana humo, na vipele vyenye usaha huchomoza.

Miongoni mwa mimea inayosifiwa, uliopimwa kwa makini ni mti wa chai wa Australia, ambao licha ya jina lake hauna udugu wowote na majani chai ya Kericho. Mwaka 1990, watafiti wa nchi hiyo walichapisha matokeo ya wagonjwa 124. Baadhi yao walipaka jeli yenye asilimia 5 ya mafuta ya mti huo, na wengine benzoili peroksaidi ya kiwango hicho hicho. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Mafuta ya mti yalichelewa kuleta matokeo, lakini walioyatumia hawakusumbuliwa sana na ukavu wala mwasho.

Hapo kwenye asilimia 5 ndipo wengi hukosea. Chupa nyingi za dukani huwa na mafuta matupu, na asiyeyazimua huweza kuwashwa na kuvimba uso. Yakinywewa ni sumu.

Mshubiri nao hutuliza ngozi. Utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba jeli yake ikichanganywa na dawa ya tretinoini huponya chunusi kuliko tretinoini peke yake. Anayeukata nyumbani yafaa ausimamishe kwanza, ule utomvu wa manjano ulio chungu uchuruzike, kwa kuwa ndio unaowasha. Kinachopakwa ni ute mweupe wa ndani.

Mwarobaini huua bakteria katika maabara, ila hilo halitoshi kuthibitisha kwamba huponya uso wa mtu. Mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto walionyweshwa.

Limau ndilo baya zaidi. Maji yake, jua likiwaka, huchoma ngozi na kuacha mabaka.

Kwenye ngozi nyeusi, chunusi iliyopona huacha alama kwa miezi kadhaa, na wengi hukimbilia krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni. Alama hizo hufifia zenyewe polepole, mradi vipele visiminywe. Vivimbe vikubwa vyenye maumivu huweza kuacha mashimo ya kudumu, na kwa hivyo ni vya kupelekwa kwa daktari wa ngozi mapema.